Jani Lililokwama Mkononi

Harufu ya unga wa ngano unaokorogwa kwenye maji ya moto mpaka uwe gundi ni ngumu kuieleza. Si ya chakula, si ya dawa, ila ina kitu cha kumkalisha mtu chini. Juzi binti yangu Noela alibandika kisufuria kwenye jiko la gesi hapa tunapopanga, Majengo, akaniambia wameagizwa shuleni watengeneze vikaragosi vya watu wa nyumbani kwao. Sikumsikiliza vizuri. Nilikuwa nazunguka chumba kizima nikitafuta kofia, tochi, soksi nzito, maana kesho yake nilikuwa napandisha wageni mlimani. Hiyo ndiyo kazi yangu, kuongoza wageni, na neno ninalolisema kutwa nzima ni "polepole". Walionijua utotoni wakilisikia likitoka kinywani mwangu hucheka mpaka wakashika mbavu.

Basi harufu ile ikanikuta na buti moja mguuni na jingine mkononi. Nikaketi juu ya begi. Sikuwa tena Majengo. Nilikuwa kijijini kwetu Uru, chini ya mlima, darasa la nne, pembeni yangu ameketi Resti, mikono kaificha chini ya dawati, na mimi nimeshika jani ambalo siwezi kulitoa wala kulirudisha.

Ngoja nianze mwanzo, maana hata kusimulia narukaruka.

Nilikuwa mtoto asiyetulia. Sisemi mtundu, mtundu hukusudia. Mimi mwili ulijiendea wenyewe. Kanisani nilihesabu mabati ya dari kwa kunyoosha kidole, mama akinituma kuni narudi na kinyonga, na uji niliunywa nikiwa nimesimama. Baba aliniita Siafu. Kila nikipita mbio uani aliuliza kama nimewakanyaga au ndio wamepanda wenyewe. Mtu mmoja tu duniani aliweza kunikalisha, naye ni Resti, binti wa baba yangu mdogo. Resti alikuwa mtoto wa taratibu, msemaji wa chini chini. Alinishika pindo la sketi tu, wala hakuvuta, na mimi nikakaa. Tangu darasa la kwanza dawati letu lilikuwa moja.

Kihamba chetu na chao, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, kilikuwa kimoja zamani. Babu aliwagawia wanawe wawili, akapanda safu ya masale katikati iwe mpaka, na sisi watoto tukatoboa kinjia katikati ya masale hayo kwa kupita kila siku. Kwa asiyetoka huku kwetu niseme kwamba isale, au masale yakiwa mengi, ni mmea wa majani marefu, mabichi mwaka mzima. Hupandwa mipakani na makaburini, lakini kazi yake kubwa ni kuomba msamaha. Ukimkosea mtu unamwendea na jani la isale, unampa, na hotuba haihitajiki. Aliyepewa hawezi kukataa. Tulilelewa tukijua kwamba anayekataa isale anajitakia balaa. Kwa hiyo jani lile ni zito pande zote mbili. Anayelitoa amekubali kosa ni lake, na anayelipokea amekubali limekwisha.

Mwaka ule masika yalikuja na upepo. Mgomba wetu mmoja ukaangukia upande wa baba mdogo ukiwa na mkungu mkubwa wa mshare, ndizi za kupika. Mama alikuwa mjamzito wa miezi ya mwisho, na mkungu ule baba alikuwa akiutunza kwa ajili ya mtori wa uzazi, ile supu nzito ya ndizi na nyama anayopewa aliyejifungua. Aliutembelea kila asubuhi kama mtu anayekwenda kumjulia hali mgonjwa. Mchana wa siku ile mkungu haukuwepo, na jikoni kwa baba mdogo kulinukia ndizi nyama. Baba alisimama kwenye masale akapiga kelele. Baba mdogo akamjibu kutoka jikoni, mdomo umejaa. Waliyoambiana sitayaandika, kwani wote wawili ni watu wa kanisani.

Jioni baba alitamka mbele yetu sote kwamba hakuna mtu wa nyumba yake atakayekata isale kwanza. Upande wa pili, tukasikia, limesemwa hilo hilo. Kinjia chetu kikazibwa kwa miiba. Jumapili, padri aliposema tutakiane amani, baba aligeuka nyuma akampa mkono mzee mmoja asiyemfahamu vizuri, akaung'ang'ania mpaka wimbo ulipoanza.

Mimi na Resti hatukugombana. Tuligombanishwa tu, kama vile mbuzi anavyouzwa na kamba yake. Yeye alichora mstari wa chaki katikati ya dawati, na mimi nikakubali mstari, ingawa mpaka leo sijui ni kwa nini nilikubali. Tangu siku hiyo sikuwa na wa kunishika sketi. Nilitikisa miguu mpaka dawati likalia, nikatafuna ukosi wa shati, nikatolewa nje asubuhi na mchana. Nilimkumbuka Resti kama mtu aliyehama, na yeye alikuwa ameketi pale pale, kiwiko karibu na kiwiko changu.

Ndipo akaletwa Mwalimu Somoe. Alitoka Masasi, kule kusini kwenye joto, na baridi ya kwetu ilimwonea. Juu ya sweta alijifunga kanga mbili. Kichagga hakukijua hata neno, hivyo aliuliza jina la kila kitu, kuanzia majani ya ng'ombe mpaka kata za mbege, pombe yetu ya ndizi. Alipewa kipindi cha Stadi za Kazi. Kwetu kipindi hicho kilikuwa na maana ya kubeba samadi kwenda bustani ya shule, nasi tulikuwa tumekizoea hivyo. Yeye akaja na unga wa ngano kwenye mfuko, akawasha moto wa mafiga nyuma ya darasa, akatuambia tulete maganda makavu ya mgomba, tutatengeneza vikaragosi.

Vilikuwa vibaya, nawaambia ukweli. Changu kilikuwa na kichwa kikubwa kuliko tumbo. Lakini kila kipindi kilianza na jambo moja: kikaragosi kisimame kiseme chenyewe kimeamka vipi. Siyo wewe, kikaragosi. Sabasi, kiranja wetu, ambaye tulimjua kwa kuandika majina ya wapiga kelele tu, kikaragosi chake kilisema kimeamka na woga kwa sababu ng'ombe wao anapiga teke na hakuna anayeamini. Hakuna aliyemcheka, maana zamu yako nawe ilikuwa inakuja. Changu kilisema kimeamka vizuri. Kilikuwa kinadanganya, na nadhani mwalimu alijua.

Hakuniambia nitulie hata siku moja. Aliniita kwenye mafiga akanipa mwiko. "Mikono yako inatafuta kazi," alisema. "Koroga." Nilikoroga gundi ya darasa zima, kipindi baada ya kipindi, uso kwenye mvuke. Mwalimu mkuu alipita dirishani akauliza kama vikaragosi vitatoka kwenye mtihani. Mwalimu Somoe alimjibu kwa adabu kwamba hajui, kisha akaniambia niongeze unga.

Siku ya nywele ndiyo siku yenyewe. Vikaragosi vyote vilikuwa vipara, na mwalimu alikuwa amehangaika kutafuta kitu kirefu kinachochanika nyuzi nyuzi. Asubuhi hiyo aliingia darasani na mzigo wa majani kifuani, amefurahi kama aliyerudi sokoni na nyama. Alikuwa ameyakata nyuma ya vyoo vya shule, kwenye kichaka kilichokuwa kikimpendeza tangu alipofika. Yalikuwa masale.

Akampa kila mtu wa pembeni jani, akamwambia ampe mwenzake wa dawati, kisha atapewa la kwake. Wasio na ugomvi walipeana haraka haraka huku wakichekea kwenye viganja. Jani likanifikia mimi. "Mpe Resti," akasema mwalimu, akapita.

Shule nzima ilijua habari za nyumba zetu. Vichwa vyote viligeuka. Resti akaingiza mikono chini ya dawati. Nikasimama, nikaketi, nikasimama tena. Nikilitoa, baba ameshindwa, tena kwa mkono wangu, na nitarudi nyumbani kula ugali wake. Nikilitupa chini, isale halitupwi chini. Nililizungusha vidoleni mpaka ncha yake ikapindika. Resti alikuwa akitazama mstari wa chaki, na machozi yalikuwa tayari, kwa sababu yeye naye akipokea ndiyo amekwisha kusamehe kwa niaba ya baba yake, na nani alimtuma?

Mwalimu akarudi, akadhani ni zile fujo zangu. "Honorata, ni jani tu," alisema.

Sabasi ndiye aliyesimama, akamweleza kwa heshima zote isale ni nini, na kwamba huyu akimpa yule, nyumba yao itakuwa imeomba msamaha, na wazee wamekataza.

Mwalimu Somoe aliketi kwenye ukingo wa meza. Alitaka kucheka, nikamwona, kisha hakucheka. Alivuta kanga mpaka kidevuni akasema, kama anajisemea, kwamba watoto wa watu kawatwisha kesi. Akachukua kopo la rangi lililokuwa tupu, akalitia maji, akaliweka mbele yangu. "Weka humu. Hata mimi silitupi." Nikaweka. Wengine nao wakarudisha ya kwao, kopo likajaa, likawekwa dirishani. Nywele tulitengeneza kwa nyuzi za gunia la katani, na zilipendeza vya kutosha.

Nilidhani limekwisha. Kipindi kilichofuata akatuita mbele, mimi na Resti. Akampa Resti kikaragosi awe baba yangu, na mimi akanipa kingine niwe baba yake. Ugomvi ni ule ule, akasema, ila midomo imebadilishana.

Resti, yule mpole, alianza kwa kikohozi cha baba. Kisha akakipandisha kikaragosi suruali, vile vile baba anavyofanya akikasirika, akauliza kwa sauti nzito mkungu wake uko wapi. Darasa liliangua kicheko, Sabasi akalaza kichwa kwenye dawati. Mimi nikamtafunisha baba mdogo. Nilitafuna, nikajibu, nikatafuna. Tulicheza vizuri, jamani. Nilijiona nawajua wazee wale wote wawili mpaka kucha.

Mwalimu akasogea, akakiuliza kile kikaragosi changu, siyo mimi: "Baba Resti, siku ile mgomba ulipoanguka, wewe uliumia nini?"

Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Nilijua mwendo wa baba mdogo, na namna anavyopiga chafya, na wimbo anaoimba akikama. Alichoumia sikukijua. Haikuwahi kunijia kwamba aliumia. Yeye ndiye aliyekula.

"Sijui, mwalimu."

"Anayejua yuko hapo. Muulize."

Nikamgeukia Resti. Tangu masika nilikuwa sijamwambia neno. "Aliumia nini?"

Alikiangalia kikaragosi, hakuniangalia mimi. Alisema mgomba uliangukia mti wa kahawa ambao babu alimpandia baba yake siku ya kugawiwa kihamba, ukauvunja pale chini kabisa. Alikaa kwenye kigoda mlangoni akingoja mtu aje ampe pole. "Hakuna aliyekuja," Resti alisema. "Ndizi alikula kwa hasira. Hata hakushiba."

Kisha akainua kile alichoshika mkononi, baba yangu wa maganda ya mgomba, akaniuliza na huyu aliumia nini. Nikamwambia mkungu ulikuwa wa mtori wa mama, akijifungua. Mkono wake ukashuka polepole mpaka kikaragosi kikagusa sakafu. "Wa mama mkubwa?" alinong'ona. Hawakujua. Nyumbani kwao hakuna aliyejua. Na mimi nikagundua kitu cha ajabu, kwamba miguu yangu imetulia.

Nyumbani haikutulia. Wakati wa chakula neno lile lilinicheza mwilini, nikashindwa kulizuia. Nilichomoa kikaragosi kwenye mkoba, nikakisimamisha kando ya bakuli, nikasema kwa sauti ya baba mdogo: "Kaka, mti wangu ulivunjika. Hata pole hukunipa."

Baba akaweka kijiko chini. Nilingoja kofi. Aliuliza ni wapi nimejifunza hayo, nami nikamweleza yote, masale, kopo, Resti, kahawa, kigoda cha mlangoni. Akatoka nje bila kumaliza kula, akasimama uani ameyatazama masale ya mpakani. Mama alishika tumbo lake, akatuambia tule.

Kesho yake, tukiwa katika hesabu, mlango wa darasa ukaingiwa na kivuli, na kilikuwa cha baba. Alikuwa na buti zake za shambani, kofia mkononi. Nyuma yake alisimama mwalimu mkuu, na uso wake ulisema amefurahi kwamba hatimaye mzazi mmoja amekuja kulalamika. Tulisimama sote tukaamkia shikamoo. Nilimhurumia Mwalimu Somoe kuliko nilivyojihurumia, maana niliona anafukuzwa kwa ajili ya mdomo wangu.

Baba alimsalimu mwalimu, akauliza habari za kazi, habari za baridi. Kisha akasema amesikia hapa kuna masale. Mwalimu akamwonyesha dirishani. Baba akaliendea kopo, akaliangalia muda mrefu, kisha akaniita kwa jina lile la nyumbani, mbele ya darasa zima.

"Siafu, lako ni lipi?"

Nikalionyesha. Lilikuwa lile lililopindika ncha. Alilichomoa, akalifuta maji kwenye suruali, akaniwekea kiganjani. "Mpe," akasema.

Nikampa Resti kwa mikono miwili. Naye akaitoa mikono yake chini ya dawati. "Nimepokea, baba mkubwa," alisema kwa ile sauti yake ya chini. "Nitampelekea baba."

"Mwambie pole ya mti," baba alisema. Akavaa kofia mle mle ndani, jambo ambalo sijapata kumwona akilifanya tena, akatoka, na nje nikamsikia akimuuliza mwalimu mkuu habari za geti la shule, kana kwamba geti ndilo lililomleta.

Miiba haikuondoka siku hiyo. Iliondoka siku mbili tatu baadaye, bila mtu kusema nani kaiondoa. Mama alipojifungua, mtori wa kwanza ulipita katika kile kinjia chetu, umebebwa na baba mdogo mwenyewe. Na Resti alifuta mstari wa chaki kwa kiwiko.

Kwa miaka mingi kitu kimoja kilinikera katika habari hii. Kutoka nyumbani hadi shuleni baba alitembea kandokando ya safu nzima ya masale yetu, mabichi, mazuri, ya kukata mpaka uchoke. Kwa nini aende kuchukua jani lililolala kwenye kopo la rangi? Nilidhani ni kusahau kwa wazee. Nilikuwa mtu mzima, niko njiani nashusha wageni, siku jibu liliponipiga nikasimama ghafla mpaka wa nyuma yangu akanigonga. Baba alikuwa ameapa kwamba hakuna mtu wa nyumba yake atakayekata isale kwanza. Na hakuna aliyekata. Lile lilikatwa na mwanamke wa Masasi ambaye hakujua anakata nini. Baba alikuwa akitafuta mlango tangu masika, na mlango wenyewe ulifunguliwa na kosa la mgeni. Kiapo kilibaki kizima, na mdogo wake akampata.

Mwalimu Somoe alihamishwa mwaka uliofuata, nasi tukarudi kwenye samadi. Nilidhani alikuwa akitufundisha kazi za mikono. Sikuelewa kwamba ndiye mtu wa kwanza kunionyesha kuwa unaweza kumwiga mtu kila kitu, kikohozi chake na kutafuna kwake, na bado usijue anaumia nini mpaka umuulize.

Nikajiambia nimeelewa. Basi juzi, gundi ilipokauka, Noela aliniletea kikaragosi chake cha kwanza. Nilikuwa nimeshasimama tena, nafunga zipu ya begi. Kilikuwa na kofia na buti kubwa, na hakikutulia mkononi mwake. "Nakuja, nakuja," kilisema, kwa sauti yangu kabisa. "Ngoja kwanza nifunge begi." Nilicheka mpaka machozi. Akanipa cha pili, chenye nywele za nyuzi. "Huyu ni mimi. Shika, sema."

Nikashika. Najua mwendo wa mwanangu, najua anavyokataa maharage kwa kuyasukuma pembeni ya sahani. Nikafungua mdomo, na kama siku ile Uru, hakikutoka kitu. Nikaliacha begi.

"Huyu anaumia nini?" nilimuuliza.

Noela alikiangalia kikaragosi, hakuniangalia mimi.

"Kaa kwanza, mama," alisema. "Ni ndefu."